Kutoka Kibao cha Kumi na Nne

Miaka kumi na mmoja nimefika hija bila kutembea.
Mimi hutangulia na lori la masufuria,
nimekalia gunia la maharage,
nimekumbatia ndoo ya chumvi isimwagike,
na wao wakiwasili alfajiri, nyayo zimechubuka,
huniita Mama Uji.
Hakuna anayeniita hujaji.

Mwaka huu nilichochea moto,
nikafunika sufuria la mwisho,
nikamkabidhi Respikius mwiko.
"Unakwenda wapi, Nkwimba, saa tatu hii ya usiku?"
"Hija."
"Hija si ndiyo hii? Umeshafika!"
Hapo ndipo palipokuwa na tatizo.

Basi nikaanzia kaburini.
Kibao cha kumi na nne, juu kilimani Bukumbi,
rangi ya bluu, mwandiko wa Katekista Lugembe,
herufi zimelala kama mihogo juani.
Anazikwa. Nikampita, kaburi likabaki wazi nyuma yangu.
Kumi na mbili: anakufa. Nilipofika, akavuta pumzi.
Kumi na moja: misumari ikatoka mmoja mmoja,
kama ninavyoing'oa kwenye makasha ya nyanya
nipate kuni.
Kumi: wanamvua nguo. Nikamvika.
Sikukusudia kufuru.
Miguu ndiyo iliyosoma hivyo.

Karibu na Usagara niliwasikia kabla sijawaona:
rozari, vikohozi, redio ya mtu asiyetaka kuizima,
kisha tochi, mto mzima wa tochi
ukinijia usoni.
"Mama, umepotea! Bukumbi ni huku!"
Kijana mmoja akanishika mabega, akanigeuza
taratibu, kama anayegeuza chapati.
Nikamshukuru.
Nikajigeuza tena.

Hawakujua walichonipa.
Anayekwenda na wenzake huona visigino.
Mimi niliona nyuso, mia tatu na ushee:
Mwalimu Paskazia, yule mkali, analia waziwazi
akidhani giza ni mlango uliofungwa;
ndugu wawili wa Mkuyuni, wasiosemezana
tangu kesi ya kiwanja, wamebeba dumu moja,
fimbo begani kwa huyu na begani kwa huyu;
na Deodatus, aliyekuwa mume wangu,
anachechemea mguu uleule wa zamani.
Akanipisha kwa adabu, akanipa pole ya safari,
asinitambue.
Pole yenyewe nikaipokea.

Tisa: anaanguka mara ya tatu.
Kwa upande wangu alikuwa anainuka.

Nyuma ya wa mwisho alikuwapo wa mwisho zaidi.
Buhongwa, kibao cha nne, anapokutana na mama yake,
Bibi Leokadia amekaa juu ya jiwe, viatu mkononi.
"Niliwaambia nakuja. Hakuna aliyegeuka."
Nikammiminia uji wa kwenye chupa.
"Huko mwisho kuna nini?"
"Maharage. Nadhani nimesahau chumvi."
Akacheka mpaka akapaliwa.
"Basi sina haraka."
Tukakaa. Kijiupepo kikatuletea harufu ya dagaa;
ziwa lilikuwa kushoto kwangu, kulia kwake,
wala halikuhama.

Ilipopita pikipiki nikampakia, nikamfunga khanga kiunoni.
"Usimwambie Padri kwamba nilipanda."
"Na wewe usiwaambie kwamba nilishuka."

Mkolani, Nyegezi, Mkuyuni:
mbwa, walinzi, maganda ya miwa waliyotema,
ndala moja ya mtoto, ya kulia, nikaiweka juu ya ukuta
mwenyewe akirudi aione.
Mawe ya mji yakaanza kutokeza kwenye weupe wa alfajiri,
moja juu ya jingine, kama vyombo
alivyovipanga mtu mwenye usingizi.

Igogo, uwanja wa kanisa. Kibao cha kwanza.
Anahukumiwa. Pilato ananawa mikono.
Na kweli, bomba lilikuwa wazi:
walinawa wakaondoka, wakaliacha likimwagika usiku kucha,
maji ya mgao, yale tunayoyangoja siku tatu.
Nikalifunga.
Mikono yangu ilinuka moshi na vitunguu.
Sikunawa.